Kichocho na Maji ya Kijiji Chetu

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi habari za ugonjwa ambao wengi wetu twaujua kwa jina, na wengine twaujua kwa miili yetu wenyewe, lakini ni wachache wanaoijua asili yake. Ugonjwa huo ni kichocho.

Hatutaanza na mambo ya vitabuni. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha makosa ya wengine.

Tulipoanza kazi ya ualimu, yapata miaka 20 iliyopita, tulipelekwa katika shule ya kijiji kimoja kusini ya Ziwa Viktoria, mbali na ziwa lenyewe. Kijiji kilikuwa na lambo moja, na kando yake yalikuwapo majaruba ya mpunga. Lambo hilo lilikuwa kila kitu. Wanawake waliteka maji humo, ng'ombe walinyweshwa humo, nguo zilifuliwa humo, na watoto wakitoka shuleni walikimbilia humo kuogelea. Katika darasa letu alikuwamo mtoto wa kiume wa miaka 11 hivi. Kila siku aliomba ruhusa ya kutoka nje, mara tatu, mara nne kabla ya saa sita. Akirudi hukaa ameinama, na mara nyingi husinzia. Akili yake ilikuwa njema, lakini kila mwezi uliopita ulimrudisha nyuma. Hesabu alizozijua mwaka uliotangulia zikawa zamshinda. Sisi tulimwita mvivu. Tulimsimamisha mbele ya wenzake, na siku mbili tatu tulimchapa.

Siku moja tulimfuata nyuma, tukidhani anakwenda kucheza. Tulimkuta amesimama kando ya ukuta, ameuma meno, machozi yanamtoka, na matone ya mwisho ya mkojo wake yalikuwa damu. Tukamwuliza, "Umekuwa hivi tangu lini?" Akajibu kwa utulivu, kama mtu aulizwaye jambo dogo, "Tangu mwaka juzi, Mwalimu. Lakini si mimi peke yangu. Wavulana wengi ndivyo tulivyo." Tukawauliza wavulana wa darasa lile faragha, mmoja mmoja. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakikojoa damu, wala hapana hata mmoja aliyemwambia mzazi wala mwalimu. Kaka zao walikuwa wamewaambia kwamba ni dalili ya kuwa mtu mzima.

Tulimwomba radhi mtoto yule mbele ya wale wale tuliomwaibisha mbele yao. Kisha alipelekwa zahanati, akapewa dawa, akapona. Tukafurahi, tukadhani kazi imekwisha. Mwaka uliofuata, baada ya mvua, damu ikarudi. Dawa haikuwa mbaya. Sisi ndio tuliokuwa hatujaelewa. Tulimponya mtoto, kisha tukamrudisha katika lambo lile lile. Basi mazungumzo ya leo ni kuwaeleza neno moja ambalo lilituchukua mwaka mzima kulifahamu, nalo ni hili: kichocho hutoka kwetu sisi watu, kikaenda majini, na maji huturudishia kile tulichoyapa.

Sasa na tumtazame mdudu mwenyewe. Kichocho huletwa na minyoo midogo ikaayo ndani ya mishipa ya damu ya mwanadamu. Si kama mchango au safura, ambao makao yao ni ndani ya utumbo. Hawa huishi katika damu yenyewe. Urefu wa mmoja ni kama sentimita moja au mbili. Mume ni mnene zaidi, na mwili wake umejikunja ukafanya mfereji. Mke ni mwembamba kama uzi, naye hukaa ndani ya mfereji huo wa mumewe. Hivyo wawili hawa huishi pamoja miaka mingi, kwa kawaida 3 hadi 10, na wengine wamepata kuishi zaidi ya miaka 30 ndani ya mtu mmoja.

Katika nchi zetu kuna kichocho cha namna mbili. Cha kwanza ni kichocho cha mkojo. Minyoo yake hukaa katika mishipa inayozunguka kibofu, na dalili yake kubwa ni damu katika mkojo. Cha pili ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya utumbo, na dalili zake ni maumivu ya tumbo, kuhara, na damu katika choo kikubwa. Katika nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza, namna zote mbili zipo: kandokando ya ziwa ni kile cha tumbo hasa, na mbali na ziwa, penye malambo na majaruba, ni kile cha mkojo. Unguja na Pemba wanajua kile cha mkojo.

Aliyemwona mdudu huyu kwanza na kueleza habari zake alikuwa daktari kijana Mjerumani, jina lake Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya mji wa Cairo, nchi ya Misri. Ilikuwa mwaka 1851. Lakini ugonjwa wenyewe ni wa kale mno. Mwaka 1910 mtaalamu mmoja, Marc Armand Ruffer, alichunguza maiti za Wamisri wa kale zilizohifadhiwa kwa dawa, zenye umri wa miaka 3,000 hivi, akakuta mayai ya kichocho ndani ya mafigo yao. Basi asiseme mtu kwamba kichocho ni ugonjwa wa jana, au kwamba ni aibu ya kabila moja au nchi moja.

Sasa tusikilize vizuri safari ya mdudu, maana katika safari hiyo ndimo tutakamoona mahali pa kumkata njia.

Mke hutaga mayai kila siku, makumi kwa mamia. Kila yai lina mwiba mdogo. Mayai mengine hupenya katika kibofu au utumbo, yakatoka nje pamoja na mkojo au choo. Yakiangukia mahali pakavu hufa, na safari imekwisha. Lakini yakifika katika maji baridi yasiyo ya chumvi, kama ya ziwa, mto, lambo au mfereji, hupasuka, na kitoto chenye nywele nyingi ndogo sana hutoka na kuanza kuogelea. Jicho la mtu haliwezi kukitambua bila ya darubini ya kukuzia. Kitoto hiki hakiwezi kumwingia mtu. Kina muda wa siku moja hivi tu wa kutafuta konokono wa majini, kisipompata, hufa.

Wala si kila konokono afaaye. Kichocho cha mkojo kinataka konokono wa namna yake, na kichocho cha tumbo namna nyingine. Konokono wa kichocho cha mkojo waliomo katika malambo yetu wana hila moja: lambo likikauka wakati wa kiangazi hujificha matopeni wamelala, na mvua ikinyesha huamka. Ndiyo sababu watu wa kijiji kile walishangaa kuona lambo lililokauka miezi kadhaa likiwapa watoto kichocho tena baada ya masika.

Ndani ya konokono kitoto kile kimoja huzaa wengi. Baada ya majuma 4 hadi 6 konokono huanza kutoa majini vijidudu vyenye mkia uliogawanyika kama panda ya manati. Kitoto kimoja kilichoingia chaweza kutoka maelfu. Hawa ndio wanaomwingia mtu. Hutoka kwa wingi wakati jua ni kali, yaani kati ya saa nne na saa nane mchana, nayo ndiyo saa ambayo watoto wetu hupenda kuoga, na akina mama hufua nguo. Mtu akitia mguu majini, dakika chache zatosha. Kijidudu hujishika katika ngozi nzima isiyo na jeraha, hupenya, huuacha mkia wake nje, kisha huingia katika damu. Huenda mapafuni, huenda katika ini, hukomaa huko, hupata mwenzi, na wawili hao husafiri mpaka mahali pao, kibofuni au utumboni. Baada ya mwezi mmoja na nusu hadi miezi mitatu mke huanza kutaga, na gurudumu limezunguka.

Neno hili la konokono halikujulikana kwa urahisi. Madaktari walibishana miaka mingi. Mwaka 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, waliona katika nchi yao kwamba mdudu hana budi kupita ndani ya konokono. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alikwenda Misri akathibitisha kwamba ndivyo ilivyo hata kwa vichocho vya Afrika.

Huenda msikilizaji akauliza, "Kama minyoo hii ni midogo hivyo, kwa nini hudhuru hivyo?" Jibu ni kwamba madhara makubwa hayatoki kwa minyoo yenyewe, hutoka katika mayai. Tumesema kwamba mayai mengine hutoka nje. Lakini karibu nusu yake hayatoki. Hukwama mwilini, na mwili hupigana nayo kama unavyopigana na mwiba uliovunjikia mguuni. Mahali hapo huvimba, kisha huwa kovu gumu. Fikirini miiba elfu na elfu, mwaka baada ya mwaka. Kibofu hukakamaa, njia za mkojo huziba, mafigo huharibika, na baada ya miaka mingi wengine hupata saratani ya kibofu. Katika kichocho cha tumbo, mayai huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini. Ini huwa gumu, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mgonjwa aweza kutapika damu nyingi akafa. Watoto hupungukiwa damu, hudumaa, huchoka, na masomo huwashinda. Yule tuliyemwita mvivu alikuwa amechukua mzigo huo, nasi tulimwongezea kiboko.

Yatupasa pia kusema jambo ambalo mara nyingi halisemwi mbele ya watu, nasi twalisema kwa heshima. Kichocho cha mkojo huwapata wanawake na wasichana katika sehemu zao za uzazi. Mayai hukwama huko, yakaleta vidonda, maumivu, damu isiyo ya wakati wake, na wengine hukosa kupata watoto au huharibikiwa na mimba. Wataalamu wanaona kwamba vidonda hivyo huenda vikamrahisishia mtu kuambukizwa UKIMWI. Sasa mwanamke wa namna hii akionekana, watu husemaje? Husema ana ugonjwa wa zinaa. Mume humshuku, mawifi humnong'ona, hata mganga asiyeangalia sana humpa dawa isiyo yake. Kumbe maradhi yake aliyapata jarubani, alipokuwa akipanda mpunga wa kuwalisha hao hao wanaomnong'ona. Wahenga walisema, "Mficha uchi hazai." Katika jambo hili maneno yao yamekuwa kweli kabisa. Mama au binti mwenye dalili hizo na aende zahanati, na amwambie mganga waziwazi kwamba kwao kuna kichocho.

Kuna mawazo mengine ambayo yafaa tuyaondoe. Wako wasemao kwamba mvulana akikojoa damu amebaleghe. Si kweli, hapana damu ya mkojo iliyo ya afya, kwa mdogo wala kwa mkubwa. Wako wasemao kwamba tumbo lililovimba ni uchawi wa jirani. Jirani amedhulumiwa, chunguzeni choo cha mgonjwa kwanza. Wako wasemao kwamba maji meupe hayana kichocho. Vijidudu hivi haviyatii maji rangi wala harufu. Maji maangavu ya ziwa yaweza kuwa navyo. Wengine huogopa kula sahani moja na mgonjwa. Wasiogope, kichocho hakipiti kwa sahani, kwa nguo, wala kwa kushikana mikono. Njia yake ni moja tu, nayo ni maji. Tena maji ya bahari hayana kichocho, maana konokono wake hawaishi katika maji ya chumvi.

Je, dawa ipo? Ipo, nasi tumshukuru Mungu kwamba tunaishi wakati huu. Zamani dawa ilikuwa ya sindano. Mwaka 1918 daktari Christopherson, aliyekuwa Khartoum, alieleza jinsi alivyowaponya wagonjwa kwa kuwadunga mishipani dawa iliyotokana na madini. Ilikuwa kali, ilihitaji sindano nyingi, ilitapisha, na wengine ilihatarisha moyo. Huko Misri, tangu miaka ya 1950 mpaka ya 1980, watu wengi walidungwa dawa ya namna hiyo, na kwa sababu sindano hazikusafishwa ilivyopasa, ugonjwa mwingine wa ini ulienea. Katika miaka ya 1970 ilipatikana dawa ya vidonge iitwayo prazikwanteli, nayo ndiyo itumikayo sasa. Humezwa siku moja, na idadi ya vidonge hufuata uzito wa mtu. Mashuleni hutumia fimbo iliyotiwa alama. Mtoto husimama kando yake, na kimo chake humwonyesha mgawaji idadi ya vidonge.

Juu ya dawa hii tuna maneno matatu. La kwanza, imezwe baada ya kula. Ni chungu, na mwenye tumbo tupu huumwa tumbo, huona kizunguzungu, hata hutapika. Mambo haya hupita upesi, lakini yakiwapata watoto wengi pamoja huwatia wazazi hofu. Mwaka 2008, katika Morogoro, dawa ilipogawiwa mashuleni, uvumi ulienea kwamba watoto wamedhurika, na fujo ikazuka. Basi mwalimu mwenye busara huwaita wazazi kwanza, huwaeleza, na huhakikisha kwamba kila mtoto amekula. La pili, dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini ile michanga huweza kuponyoka. Kwa hiyo yafaa kuirudia kama waganga wanavyoagiza. La tatu, dawa si ngao. Mtu aliyepona leo, akiingia katika maji yale yale kesho, aweza kuambukizwa kesho. Hilo ndilo lililompata mwanafunzi wetu.

Basi kinga ni ipi? Tulisema kwamba safari ya mdudu ina vituo. Tumkate njia katika kila kituo.

Kituo cha kwanza ni choo, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa pasipo mkojo na choo majini hapana kichocho. Kila nyumba iwe na choo, na kila shamba la mbali liwe nacho pia, maana mwenye kulima jarubani tangu alfajiri hatarudi nyumbani kila anaposhikwa na haja. Watoto wafundishwe kutokojoa majini wanapooga. Ni desturi waionayo kuwa mchezo, lakini mtoto mmoja mgonjwa aweza kulitia lambo zima ugonjwa.

Kituo cha pili ni konokono. Kupunguza majani na magugu ya majini huwaondolea chakula na makao. Iko pia dawa ya kuwaua, lakini hiyo ni kazi ya Bwana Afya, si ya kila mtu, maana huua na samaki. Wanafunzi wasiingie majini kuokota konokono kwa mikono. Tumewaona wafanyao hivyo kwa bidii njema, wakapata ugonjwa waliokwenda kuuzuia.

Kituo cha tatu ni ngozi yetu. Kisima kilichojengewa, au maji ya bomba, huokoa watu wengi. Pasipo kisima, maji yaliyotekwa yakikaa ndani ya chombo kilichofunikwa siku mbili nzima, vijidudu vilivyomo hufa, na maji yanafaa kwa kuoga. Ya kunywa yachemshwe hata hivyo. Lakini chombo hicho kisitiwe maji mapya kabla ya siku hizo kwisha, wala konokono asiwemo ndani yake. Alimaye jarubani akipata viatu virefu vya mpira na avivae. Mvuvi na mpanda mpunga, ambao hawawezi kuyaepuka maji, wasikose kumeza dawa kila inapogawiwa.

Wasikilizaji, msidhani kwamba haya ni maneno ya kutamani tu. Iko nchi iliyofaulu. Katika Japani, katika bonde la Kofu, wakulima wa mpunga waliteswa na kichocho cha namna nyingine vizazi vingi. Hawakujua asili yake. Mwaka 1897 mwanamke mkulima, jina lake Sugiyama Naka, akiwa karibu kufa kwa ugonjwa huo, aliagiza kwamba maiti yake ipasuliwe na madaktari, ili wapate kujua kilichowaua watu wa kwao. Wakati ule jambo hilo lilikuwa la kutisha machoni pa watu. Wakapasua, wakakuta mayai wasiyoyajua. Mwaka 1904 mtaalamu Katsurada alimwona mdudu mwenyewe ndani ya paka wa bonde lile. Kisha, kama tulivyosema, konokono akajulikana mwaka 1913. Tangu hapo watu wa bonde walipigana naye miaka mingi: waliua konokono, wakajenga mifereji ya mashamba kwa saruji ili asipate mahali pa kuishi, wakatunza vyoo. Mwaka 1996 serikali ya jimbo lao ilitangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Ilipita karibu miaka 100 tangu mama yule mkulima alipousia mwili wake.

Karibu nasi ziko Unguja na Pemba. Zamani katika vijiji vingi vya visiwa hivyo wanafunzi wengi mno walikuwa na kichocho cha mkojo. Tangu mwaka 2012 ilifanyika kazi kubwa ya pamoja: kugawa dawa mara mbili kwa mwaka, kuua konokono katika sehemu nyingine, na kuwafundisha watoto mahali pa kuchezea pasipokuwa mtoni. Baada ya miaka michache, katika sehemu nyingi, wenye ugonjwa walikuwa chini ya 5 katika kila watoto 100. Hata hivyo viko vijiji ambamo ugonjwa ulishikilia, na mahali walipolegeza mkono ulitaka kurudi. Tusisahau ukubwa wa kazi iliyobaki: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 walihitaji dawa ya kichocho, na katika kila 10 kati yao, 9 hivi walikuwa Afrika.

Sasa turudi katika kijiji chetu tulikoanzia. Baada ya damu ile kurudi tuliitisha mkutano wa wazee. Mzee mmoja alituuliza, "Mwalimu, babu zetu walikunywa lambo hili, nasi tumeishi. Leo wataka tuliogope?" Tukamjibu, "Mzee wetu, usiliogope lambo. Tuogope tunachotia ndani yake." Akanyamaza kwa kitambo, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alikojoa damu katika utoto wake, na kwamba ndugu yake mkubwa alikufa tumbo limevimba, na mwanamke mmoja mzee alifukuzwa kijijini kwa ajili ya kifo hicho. Baraza lote lilikuwa kimya. Tangu siku hiyo hatukuhitaji kusema mengi. Wanafunzi walichimba choo cha shule, wazazi wakachimba vya nyumba, na kisima kikachimbwa upande wa juu, mbali na lambo. Hatusemi kwamba kichocho kilitoweka. Wavulana wengine waliendelea kuogelea kwa siri, na majaruba hayana budi kulimwa. Lakini miaka ile iliyofuata, watoto waliokutwa na damu wakawa wachache, na waliokuwa nayo walikuja wenyewe kutuambia.

Siku hizi tunafundisha katika chuo cha waalimu. Kila mwaka tunawaeleza wanafunzi wetu habari hii, na tunawaambia: mtoto asinziaye darasani, mtoto aombaye kutoka mara kwa mara, mwulizeni kabla ya kumwadhibu. Nanyi watoto mnaosikiliza, mkiona damu katika mkojo au choo, mwambieni mzazi au mwalimu siku ile ile. Si aibu, wala si ukubwa; ni ugonjwa, na dawa yake ipo. Nanyi wazazi, mtoto akiwaambia, msimcheke. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Yule mwanafunzi wetu sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili. Mwaka jana alituandikia barua kutupa habari za nyumba anayoijenga kijijini. Kuta zilikuwa zimefika madirishani, akaandika, na mabati hajayapata bado. Lakini choo kimekwisha, alikichimba kwanza.